Lori la jeshi linavuja gurudumuni: mafuta ya breki au oili ya difu?

Gusa kwanza, kisha unuse. Oili ya difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ni nzito, inanata vidoleni na ina harufu kali ya kiberiti. Ikifika gurudumuni, mara nyingi sili ya habu, yaani kizuizi cha oili kwenye kitovu cha gurudumu, imechoka. Angalia pia tundu la kupumulia la ekseli: likiziba, presha husukuma oili nje hata kama sili ni mpya.

Mafuta ya breki ni mepesi, na kiwango hushuka kwenye kikopo chake. Hapo shuku silinda ya gurudumu, ile inayosukuma viatu vya breki. Kwa malori ya jeshi la Marekani usitegemee kuona rangi ya gari iliyobabuka kama ilivyo kwa mafuta ya kawaida ya breki, kwani mengi hutumia mafuta ya silikoni, ya zambarau, yasiyodhuru rangi ya gari.

Yakiwa ya breki, lori lisiondoke. Lakini oili ya difu nayo ikilowesha viatu vya breki, gurudumu hilo halishiki breki.