Akata Witch: angalia jalada kabla ya kulipa

Tuanze na la dukani. Riwaya hii ya Nnedi Okorafor ilitoka Marekani mwaka 2011 kwa jina la Akata Witch, ila toleo la Cassava Republic la Nigeria linaitwa What Sunny Saw in the Flames. Ni kitabu kilekile. Wapo wanaonunua vyote viwili wakidhani cha pili ni mwendelezo. Mwendelezo ni Akata Warrior (2017), kisha Akata Woman (2022).

Sunny ana miaka 12 na ana ualbino. Alizaliwa New York, sasa anaishi Aba, mji wa Nigeria. Anakuja kugundua kwamba ni mmoja wa Watu wa Chui, wenye uchawi, huku sisi wengine tukiitwa Wanakondoo. Chui huyo hakuokotwa tu. Ekpe, chama cha siri cha Waefik na Waejagham wa huko jimbo la Cross River, Nigeria, maana yake ni chui, na nsibidi, maandishi ya alama ya chama hicho, Sunny anajifunza kuyasoma humu.

Utamu wenyewe uko kwenye chittim. Mtu akijifunza jambo, vijiti vya madini vilivyopinda vinamdondokea palepale miguuni, na hiyo ndiyo pesa ya Watu wa Chui. Cha shaba nyekundu kinakishinda cha dhahabu. Maana yake tajiri ni aliyesoma, wala huwezi kurithi wala kuiba elimu ya mwenzio. Kanuni moja, ulimwengu mzima unasimama.

Msomaji wa Tanzania atashtuka mapema: mtoto mwenye ualbino, uchawi, na muuaji anayeteka watoto. Atulie. Viungo vya Sunny havigeuzwi dawa ya mtu; nguvu ni zake, na akishaingizwa kwenye uchawi anacheza mpira juani bila kuungua.

Kasoro ipo mwishoni. Black Hat Otokoto, yule muuaji wa watoto, anatajwatajwa kitabu kizima, halafu pambano lenyewe linakwisha kwa kurasa chache, kama mpishi aliyechochea makaa kutwa nzima akapakua ubwabwa mbichi. Sasha naye, rafiki wa Sunny aliyetoka Chicago, angepewa nafasi zaidi.

Kinamfaa mwenye miaka 10 hadi 14 anayesoma Kiingereza bila kukwama. Maneno ya Kiigbo yamo, ila mengi yanaeleweka kwa muktadha. Usiruke dondoo za kitabu cha mwongozo kwa wageni wa uchawi zilizo kati ya sura. Zinachekesha, na kanuni nyingi za uchawi zimefichwa humo.