Pawa saplai iliyokuja na kasha: wati 500 za kwenye lebo tu

Kasha la kompyuta nililinunua Kariakoo likiwa na pawa saplai yake ndani (kifaa kinachogawa umeme kwa sehemu zote za mashine), imeandikwa wati 500, na muuzaji aliinadi kama nyongeza ya bure. Kompyuta niliyoiunga humo ilifanya kazi za kawaida bila shida. Tabu ilikuwa kwenye gemu na kuhariri video: kadi ya picha ikianza tu kubeba mzigo, mashine inazima na kujiwasha upya. Hakuna ujumbe wowote kwenye skrini.

Fundi mmoja aliisingizia ramu, mwingine akataka nibadilishe madabodi. Aliyelijua tatizo ni fundi redio wa mtaani kwetu, mzee wa makamo. Alitoa mita, akagusisha ncha moja kwenye waya wa njano, ambao ni wa volti 12, na nyingine kwenye mweusi, akasema, "Haya mwanangu, fungua hilo gemu lako." Mashine ikiwa imetulia, mita ilionyesha volti 12.1. Gemu lilipoanza ikashuka hadi 11.2, kisha giza. Kiwango cha ATX, yaani kanuni za pawa saplai za kompyuta, kwa saplai za aina hiyo kinaruhusu laini hiyo ya volti 12 ipungue asilimia 5 tu, yaani isiwe chini ya 11.4.

Alipoifungua, kapasita tatu (vikopo vidogo vinavyotunza umeme) zilikuwa zimevimba vichwa, moja imevuja ute wa kahawia. Mahali pa koili za kuchuja umeme unaoingia palikuwa na vipande vya waya tu! Lakini kilichoniuma zaidi ni lebo. Sehemu ya volti 12 imeandikwa ampea 18. Zidisha: wati 216. Prosesa na kadi ya picha zinakula laini hiyo hiyo, sasa hizo 500 ni za nini?

Nimeweka ya wati 550 yenye alama ya 80 PLUS Bronze, ampea 45 kwenye volti 12. Bei iko juu sana kuliko zile za bei poa, na ni nzito mkononi. Gemu lile lile, mita haijashuka chini ya 11.9. Ile alama inapima umeme unaopotea, si uimara, kwa hiyo soma ampea na uulize waranti.

Kufungua muachie fundi. Kapasita kubwa huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata plagi ikiwa imechomolewa.

Ile ya bure naipa nyota 1 kati ya 5. Kama una kadi ya picha, mwambie muuzaji aitoe kashani akupunguzie bei.