Kununua Chapa ya Jikle: Ipi Itangulie, Ipi Ifuate, na Namna ya Kuitunza Penye Unyevu

Mtu anayetaka kupamba sebule yake kwa sanaa nzuri, lakini mfuko wake haumruhusu kununua mchoro halisi, hatachelewa kukutana na neno jikle, ambalo Wafaransa huliandika giclée na ambalo wauzaji hulitamka kana kwamba lenyewe ni hati ya ubora. Maana yake ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa: chapa iliyotolewa na printa inayorusha matone madogo ya wino juu ya karatasi au turubai. Neno hili lilibuniwa mwaka 1991 na mchapaji Jack Duganne, aliyekuwa akifanya kazi Nash Editions, karakana iliyoanzishwa California na mwanamuziki Graham Nash pamoja na Mac Holbert. Karakana hiyo ilitumia printa ya Iris, mashine iliyokusudiwa viwanda vya uchapaji vinavyotaka kuonja rangi kabla ya kuchapa kazi kubwa, na Duganne alihitaji jina ambalo halingemfanya mnunuzi afikirie kompyuta. Akalitoa katika kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuruka kwa maji kupitia tundu jembamba. Wino wa mashine hizo za mwanzo ulikuwa dhaifu, na baadhi ya rangi zake zilipauka ndani ya miaka michache tu. Basi tangu mwanzo jina lilikuwa zuri kuliko bidhaa, na hata leo muuzaji yeyote anaweza kulibandika juu ya chochote kilichotoka kwenye printa yake.

Kwa sababu hiyo, mpangilio ninaoutoa hapa haufuati majina wala bei. Unafuata mambo mawili ambayo mnunuzi ana haki ya kuyauliza kabla ya kulipa: ni wino gani, na umechapwa juu ya nini.

Nafasi ya kwanza naipa chapa ya wino wa pigimenti juu ya karatasi ya pamba tupu, isiyong'aa, yenye uzito wa gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Pigimenti ni chembe ndogo za rangi zisizoyeyuka, zinazokaa ndani ya wino kama vumbi laini ndani ya maji, ilhali wino wa kawaida wa printa za nyumbani ni rangi iliyoyeyuka kabisa, kama sharubati. Mwanga unapoipiga chembe, huvunja tabaka lake la juu na kuliacha la ndani, lakini rangi iliyoyeyuka haina cha ndani kinachobaki, nayo hupauka mapema. Karatasi ya pamba nayo haina lignini, kile kitu cha mti kinacholifanya gazeti lililoachwa dirishani ligeuke manjano. Mfano unaojulikana sana ni Photo Rag ya kampuni ya Kijerumani Hahnemühle, yenye gramu 308. Kwa kulinganisha, karatasi ya ofisini ina gramu 80. Chapa ya namna hii, ikiwa nyuma ya kioo na mbali na jua, inategemewa kudumu miongo mingi, ingawa takwimu za miaka zinazotajwa na watengenezaji hutokana na majaribio ya maabara, na maabara haina mvua ya masika.

Liko jaribio dogo ninalolipenda. Baadhi ya karatasi hutiwa dawa ya kung'arisha ili zionekane nyeupe pepe, na dawa hiyo hufa kadiri miaka inavyopita, weupe ukageuka kuwa wa maziwa yaliyochacha. Omba kwa mwenye duka taa ile ya kukagulia noti bandia, uimulike pembe ya karatasi isiyochapwa. Ikiwaka rangi ya samawati kali, dawa imo. Ikibaki imefifia, haimo. Karatasi yenye dawa hiyo si haramu, lakini isiuzwe kwa bei ya isiyo nayo.

Ya pili ni wino huohuo wa pigimenti juu ya karatasi bora ya nyuzi za mti zilizosafishwa na kuondolewa asidi. Kwa picha za kamera, hasa za rangi nyeusi na nyeupe, huenda ukaipenda zaidi ile yenye tabaka la barita, yaani unga mweupe wa madini uliopakwa juu ya karatasi, kwa kuwa weusi wake ni mzito kuliko wa karatasi isiyong'aa.

Turubai naiweka ya tatu, na najua wengi watabisha, kwa sababu madukani ndiyo inayotangulizwa mbele: inafanana na mchoro wa mkono, inatundikwa bila kioo, na huku kwetu pwani kukosa kioo ni faida ya kweli, maana hakuna unyevu unaonaswa ndani. Lakini tabaka linalopokea wino hupasuka kwenye kingo linapokunjwa juu ya mbao, uso wake hukwaruzika usipopakwa vanishi, na mgongo wake ulio wazi huwa makazi ya vumbi na wadudu. Ukiichagua, hakikisha imepakwa vanishi yenye kinga dhidi ya miale ya jua, na kwamba fremu ya ndani ina kabari kwenye pembe, ili fundi aweze kuikaza itakapolegea.

Wino wa kuyeyuka juu ya karatasi ya picha unakuja wa nne. Unafaa chumba cha mtoto au kitu unachokusudia kukibadilisha. Mwisho kabisa ni bango la kiwandani, ambalo sina ugomvi nalo likiuzwa kama bango. Ugomvi huanza linapoitwa jikle. Chukua kioo cha kukuzia: ukiona vidoti vilivyojipanga kwa utaratibu, vikifanya mfano wa maua madogo yanayojirudia, hilo ni bango, vidoti vya jikle ni vidogo mno na vimetawanyika bila mpango.

Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam nina neno la pembeni. Tangu Edward Saidi Tingatinga aanze kazi yake mwaka 1968, mtindo unaobeba jina lake umechorwa kwa rangi ya mafuta ya madukani, mwanzoni juu ya hadibodi, na wachoraji wake bado wanauza kazi za mkono kule Oyster Bay. Kabla ya kulipia chapa ya picha ya namna hiyo pamoja na fremu yake, uliza kwanza bei ya mchoro mdogo halisi. Huenda tofauti ikawa ndogo kuliko ulivyofikiri, na mchoro hauhitaji kioo.

Kuhusu namba: chapa iliyoandikwa 12/50 ni ya kumi na mbili kati ya hamsini. Katika uchapaji wa zamani bamba lenyewe lilichakaa na kuweka kikomo. Faili la kompyuta halichakai, kwa hiyo kikomo ni ahadi ya msanii tu. Uliza kama hizo hamsini ni za vipimo vyote au za kipimo kimoja, na udai hati inayotaja wino, karatasi, mwaka na ridhaa ya msanii.

Utunzaji huanzia kwa fundi wa fremu. Chapa yangu ya kwanza, niliyoitundika Mombasa, ilibanwa moja kwa moja dhidi ya kioo. Baada ya misimu miwili ya mvua ikagandamana nacho, na kuibandua kukang'oa wino. Pawepo kadibodi isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha, ili kutenganisha uso na kioo. Nyuma, chapa ishikwe kwa vipande vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, kamwe isiwe selotepu, ambayo huacha doa la kahawia lisilotoka. Bandika vizibo vidogo kwenye pembe za nyuma za fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta, na uepuke ukuta wa nje unaonyeshewa mvua. Chapa isiyo na kioo isikae karibu na jiko wala chetezo cha udi, kwa kuwa moshi huganda juu ya uso usiong'aa na haufutiki. Unaposafisha kioo, nyunyizia dawa kwenye kitambaa, usinyunyizie kioo chenyewe, ili isichuruzike ndani ya fremu. Mwezi Februari, kabla ya masika, na tena mwezi Juni, ishushe ukutani uitazame mgongo. Ukiona madoa ya ukungu, ipeleke ifunguliwe siku hiyohiyo.