Kifaa cha kunusa petroli kwenye Beetle: kelele zake zinakera lakini harufu kaikamata

Haya wakuu karibuni tena, leo tuko mbele ya Beetle, ile Volkswagen ya zamani, na boneti iko juu, ndiyo tenki la huyu mnyama liko mbele injini nyuma, mnaofuatilia chaneli hii mnalijua hilo so tusonge. Shida ya leo ni harufu. Ile harufu ya petroli inayokupokea asubuhi ukifungua mlango, unashuka kwenye gari nguo zinanuka, ukiinama uvunguni hakuna hata tone. Halafu mtu anakwambia gari za zamani ndivyo zilivyo. Hapana bwana, ilivyotoka kiwandani haikuwa inanuka hivi, kama inanuka kuna mahali inapumua na tunapatafuta leo.

Hiki hapa mkononi ndo kifaa chenyewe, kinanusa gesi zinazowaka, kina shingo ndefu inayopindika na sensa kwenye ncha. Kampuni siitaji, hawajanilipa (wakitaka wanajua pa kunipata), na vya aina hii viko vingi sana vinafanana. Betri ngapi, skrini gani, mtasoma kwenye boksi. Mi nataka tukae kwenye kitu kimoja tu, huu mlio.

Kabla sijakiwasha: waya wa betri ya gari nimeuchomoa, injini imepoa kabisa, na tuko nje, siyo ndani ya gereji iliyofungwa. Mvuke wa petroli ukifika kama asilimia 1.4 tu ya hewa unaweza kushika moto, na sensa za hivi vifaa ndani zina joto, so usije ukakitumbukiza kwenye mdomo wa tenki ukaniambia mimi ndo nilikutuma.

Haya. Nakiwasha mbali na gari, lazima kipate joto kwanza na kijue hewa safi ikoje. Tik... tik... tik. Pole pole. Nasogea kwenye kifuniko cha tenki, tik tik tik, imeongezeka kidogo. Wengi hapa ndo wanasimama wanakimbilia kununua kifuniko kipya. Subiri kwanza. Oneni hii gurudumu ndogo ya pembeni, hii inapunguza usikivu, naizungusha taratibu mpaka mlio utulie nikiwa humu humu kwenye mvuke, halafu nasogea tena. Ukipanda, naituliza, nasogea. Naituliza, nasogea. Jamani hii gurudumu naipenda! Pua haiwezi hii kazi, ukinusa petroli dakika chache tu inazoea, unaanza kusema mbona imeisha, kumbe pua ndo imeisha.

Tuendelee. Geji ya mafuta hapa juu ya tenki, ile yenye skrubu tano, gasketi yake ikikauka inapitisha. Nazunguka nayo... kimya. Safi. Mpira mnene wa kujazia mafuta... kimya. Sasa huu mpira mwembamba wa kupumulia tenki, napeleka ncha hapa kwenye kona, tik tik tiktiktiktrrrrrr! Mmesikia?! Kamera sogea, sogea kabisa. Kwa nje mpira mzima, mweusi, hata unang'aa. Naukunja hivi... oneni hizo nyufa. Nikiuachia zinajifunga, nikiukunja zinafunguka. Unaweza kuutazama mwaka mzima usione kitu, na tone hutaliona maana humu inapita hewa na mvuke, petroli yenyewe haifiki labda umejaza tenki mpaka juu ukapiga kona kali. Na tundu la hewa inayoingia ndani ya gari liko hapo hapo mbele ya kioo, sasa mvuke ukitoka hapa unadhani unaenda wapi kama siyo puani kwako.

Kitu kingine, anzeni juu mshuke chini. Huu mvuke ni mzito kuliko hewa, mara 3 hadi 4, unashuka wenyewe, ukianza kupimia uvunguni kifaa kitapiga kelele pale chini na utalaumu mpira wa chini ya tenki ambao hauna kosa lolote.

Nyuma kwenye injini nimepita haraka, pampu safi, kabureta safi. Ila kile kimrija cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta kishikeni kwa vidole mkitikise, kimeshindiliwa tu pale, kinalegea, kikichomoka petroli inamwagikia injini ya moto, na bloku ya hizi injini ina magnesi, metali inayowaka vibaya, ikishika hiyo zimamoto wanakuja kupiga picha tu. Na chujio la petroli la plastiki lililoning'inia juu ya injini litoeni humo jamani, likivuja ni moto ule ule, mnanitumia picha za injini zimeng'arishwa halafu chujio limekaa pale pale.

Sasa ubaya wake. Mlio haupungui sauti! Kuna kuwasha, kuna kuzima, basi. Maiki mpya ndo mnaisikia leo kwa mara ya kwanza, asanteni mliochangia, na hiki kitu kinataka kuiua. Halafu kinapigia kelele kila kitu, spirei ya kusafishia kabureta, spiriti, hata manukato, so siku ya kupima usipulize kitu chochote na mwambie na jirani asogee.

Mtaniuliza mashine ya moshi, ile inayopuliza moshi ndani ya tenki na mipira ili uone unapotokea. Nzuri, sibishi, unaona moshi unatoka kwa macho, ila bei yake ni ya mtu mwenye gereji, inabidi uzibe kila tundu, na tenki lenye petroli huliingizii hewa ya kawaida, unataka gesi isiyowaka kama naitrojeni na presha ndogo sana. Rangi ya kung'aa, ile unayochanganya kwenye petroli halafu unaimulika na taa yake je? Ile inafaa kwa uvujaji wa maji maji, mvuke haung'ai. Mwanzoni nilitaka kusema hiki kifaa ni cha kuchezea, lakini kwa kazi hii tu, na kwa bei yake, mi nakipa saba kwa kumi. Wangeweka kitufe cha sauti ningetoa nane.

Mpira mpya: msinunue wowote mweusi, someni maandishi ubavuni. SAE J30 ni kiwango cha mipira ya mafuta, R7 na R9 ni madaraja yake. R7 unaruhusiwa kupitisha mpaka gramu 550 za mafuta kwa mita ya mraba kwa siku kupitia ukuta wake, mpira mzima huo, haujapasuka! R9 ni gramu 15. Ndo maana mtu anabadilisha mipira yote na gari bado linanuka. R9 ina bei, na ni mgumu kukunja, lakini petroli ya siku hizi yenye ethanoli haiutafuni kirahisi.

Nimeshafunga, klipu mpya, napima tena... tik... tik... Umetulia. Kapeti la huku mbele bado linapiga kelele, limekunywa petroli miaka, nimelitoa linapigwa upepo. Video ijayo ni kabureta, nitaifungua yote mezani. Na mnaouliza kama kinafaa kupimia mtungi wa gesi jikoni, kinafaa, hiyo ndo kazi yake hasa, huku kwenye gari tumekileta sisi.