Raba za breki za Land Rover 109: tazama mwaka kwanza, boksi baadaye

Mwaka jana niliuziwa raba za breki, vile vikombe vya mpira vinavyozuia mafuta yasivuje ndani ya silinda, zenye umri wa kumaliza darasa la saba. Nililipa shilingi 45,000 kwa seti, zikiwa ndani ya boksi safi lenye stika inayong'aa, na muuzaji akaniapia kwa mama yake mzazi kwamba ni orijino. Hakunidanganya, zilikuwa orijino kweli. Ila zilitengenezwa 2011, na hilo hakuna aliyeniambia kwa sababu sikuuliza.

Gari lenyewe ni 109 Series III, Land Rover ndefu ya zamani, aliloniachia baba. Fundi alivalisha raba kwenye wili silinda zote sita, yaani zile silinda ndogo za breki kwenye magurudumu, tukatoa hewa asubuhi nzima, pedeli ikasimama juu, ngumu, tamu. Wiki ya tatu nashuka mlima wa Bugando hapa Mwanza, mvua imetoka kunyesha, nikakanyaga na mguu ukaenda mpaka kwenye zulia. Nikapampu mara mbili, tatu. Hamna kitu. Nikapiga gia ya pili, nikavuta hendibreki, na gari likaenda kupumzika kwenye lundo la mchanga la mtu aliyekuwa anajenga. Mungu ambariki kwa kuchelewa kumaliza nyumba yake.

Hendibreki iliniokoa kwa sababu kwenye Land Rover hizi haitegemei mafuta ya breki, wala haigusi magurudumu. Inashika shafti nyuma ya gia boksi. Breki ya mguu ni habari nyingine: 109 nyingi za zamani, yangu ikiwemo, zina mzunguko mmoja tu wa mafuta. Raba moja ikikubali kupitisha mafuta, magurudumu yote manne yamekwisha.

Tulipofungua ngoma za mbele, raba mbili zilikuwa zimeota magaga kama kisigino cha mtu aliyelima kiangazi kizima peku.

Tangu nisimulie mkasa huu, kila mwenye Land Rover anaponikuta swali lake ni moja: "Dada, orijino nitaijuaje?" Au: "Za India na za Uingereza zipi bora?" Maswali hayo yana watu wengi wa kuyajibu mjini hapa, na wengine wana duka la kukuuzia jibu. Mimi nataka tuzungumzie mwaka. Mpira hauhitaji kutumika ili uzeeke. Joto linaula, jua linaula, hata hewa yenyewe inaula, uwe ndani ya gari au kwenye kabati la muuzaji. Boksi linalinda nembo kuliko linavyolinda raba. Sasa tembea pale mjini uone hozi na fenibelti zinavyoning'inizwa barazani kama mikungu ya ndizi, zinapigwa jua la saa saba kutoka Januari hadi Desemba. Halafu unaambiwa ni mpya. Ni mpya kwa sababu hakuna aliyeinunua!

Tarehe huandikwa kwa namna nyingi. Kuna namba nne kama za tairi: 2419 ni wiki ya 24 ya mwaka 2019. Kuna kiduara kidogo kama uso wa saa, mshale unaonyesha mwezi na katikati kuna mwaka. Kwenye hozi, tafuta maandishi yaliyochapwa kwa urefu wake au kwenye kishikizo cha chuma. Kwenye raba ndogo huwa hakuna nafasi, kwa hiyo tafuta kwenye mfuko wa ndani wa plastiki. Boksi la nje linaweza kubadilishwa, na mimi nimeshaona likibadilishwa mbele yangu. Kipimo changu mwenyewe ni miaka mitano. Ikizidi hapo namrudishia muuzaji kwa heshima. Kama hakuna tarehe kabisa, ikunje hozi mpaka ikaribie kujifunga, utazame mgongo wa mkunjo kwenye mwanga. Ukiona mistari ya nywele, asante, kwaheri. Raba ndogo ibonyeze kwa ukucha: alama ikibaki badala ya kurudi, hiyo imeshakufa.

Sasa mpangilio wangu wa vipuri na mahali pa kuvipata, kuanzia bora kwenda chini. Nasema mapema nina upendeleo, na sioni haya.

Juu kabisa ni wili silinda kamili, siyo raba peke yake, na boksi liwe la Girling au TRW. Girling ndio waliozifunga Land Rover hizi breki tangu kiwandani Solihull, Uingereza, jina likiwa tayari chini ya Lucas, baadaye likaenda kwa TRW, na tangu 2015 TRW yenyewe iko chini ya ZF ya Wajerumani. Nikiona jina hilo moyo unatulia, hata kama akili inaniambia nembo nayo inaghushiwa. Kwa nini silinda kamili? Kwa sababu ukuta wa ndani wa silinda iliyokaa miaka arobaini una vishimo vya kutu. Raba mpya ukiipitisha kwenye vishimo ni kama kupitisha khanga kwenye seng'enge. Itavuja tu, uliza wiki ngapi. 109 ina silinda mbili kila gurudumu la mbele na moja kila la nyuma, sita jumla, na hozi tatu: mbili za mbele na moja inayoshuka kwenye eksi ya nyuma. Ile ya nyuma ndiyo mafundi huisahau kwa sababu haionekani mpaka ulale chini.

Zangu za sasa nilizitoa Dar es Salaam, kwa muuzaji wa Gerezani ambaye alikubali jambo moja dogo: kupiga picha ya tarehe, kwenye kipuri chenyewe siyo kwenye boksi, kabla sijatuma pesa. Mzigo ukapanda basi, nikaupokea Nyegezi kesho yake. Bei ya juu? Ndiyo. Silinda sita zilinila kama ada ya muhula. Lakini muuzaji asiyekataa kupiga picha ya tarehe ndiye ninayemhesabu kuwa muuzaji, hata angekuwa na meza moja chini ya mwembe.

Ya pili ni kuagiza Uingereza moja kwa moja. Kule bado kuna watu wanaoziheshimu Series kuliko wanavyoheshimu wake zao, na vipuri vinatembea haraka dukani, kwa hiyo havizeeki. Ubaya ni kwamba gharama ya kusafirisha kifurushi kidogo inaweza kuishinda bei ya raba zenyewe, halafu kuna ushuru. Sisi watatu hapa Mwanza tunasubiriana, tunaagiza pamoja mara moja kwa mwaka. Mmoja wetu ndiye huchelewesha pesa kila safari. Anajijua.

Ya tatu, Nairobi. Barabara ya Kirinyaga ina maduka ya vipuri yamebanana bega kwa bega, na Wakenya wana Land Rover za zamani nyingi, kwa hiyo hutaulizwa "109 ndiyo gari gani?" Unapita Bunda, Tarime, unavuka Sirari. Ila ukikuta umepewa hozi yenye nyuzi za skrubu za milimita na gari lako lina za inchi, safari ya kurudisha haikulipi. Beba ya zamani mkononi, ilinganishe hapohapo kaunta, uisokote kwa vidole mpaka mwisho. Ikigoma mzunguko wa pili usikubali kuambiwa "spana italazimisha."

Ya nne ni gari lililochinjwa, yaani lililofunguliwa liuzwe vipande. Kwa chuma, sina neno: ngoma, mabomba, bati la nyuma la breki, hata masta silinda kama una fundi wa kerezo anayejua kuiwekea bushi ya ndani ya shaba au stenlesi. Mwili wa Land Rover ni aluminiamu, ndiyo maana unaona yaliyotelekezwa Igoma au Buhongwa bado yanapendeza kwa mbali wakati chesisi chini imebaki unga. Lakini usivue raba wala hozi kwenye gari lililochinjwa. Hata bure.

Mwisho ni zile raba za elfu tatu tatu, zisizo na mfuko, zinazomwagwa mezani kama karanga. Zipo. Nimeshazitaja.

Kuna jambo moja linaloua hata raba ya juzi, na linafanyika gereji karibu zote nilizopita: kuosha silinda kwa petroli au mafuta ya taa, au kupaka grisi ya kawaida "ili iteleze". Raba za breki zimetengenezwa kuvumilia mafuta ya breki tu. Zikiguswa na mafuta ya petroli zinavimba, zinalainika, zinakwama. Osha kwa mafuta ya breki yenyewe au methylated spiriti. Fundi wangu, mzee aliyeanza kazi kabla sijazaliwa, alinitazama kama namfundisha kula ugali. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nisamehe, lakini hili gari ni langu na mlima Bugando ni ule pale." Akacheka, akaenda kunawa mikono.

Na mafuta ya breki nunua kopo dogo. Yanakunywa unyevu wa hewani, na sisi tunaishi kando ya ziwa. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155. Kopo lililofunguliwa tangu Pasaka na kuzibwa kwa gazeti mwagilia magugu.

Sasa nitoe la moyoni. Mwaka 2024 lilifanyika tamasha kubwa la Land Rover Arusha, na nilifurahi kama kila mtu. Lakini tangu hapo kila mwenye 109 iliyokuwa banda la kuku ameikumbuka, kuku wamehamishwa, na wauzaji wangu wamegundua neno jipya: "adimu". Hozi niliyoinunua elfu ishirini na tano sasa naambiwa sitini, hozi ileile, ikining'inia msumari uleule. Namuuliza imeingia lini. Ananijibu, "Mama, hii ni stoku ya zamani, siku hizi hawatengenezi hivi." Yaani uzee niliokuwa nautumia kushusha bei, yeye anautumia kuipandisha!

Na risiti. Tumeimbishwa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, lakini idai ile ya EFD, ya mashine ya kodi, uone bei inavyoruka asilimia kumi na nane kana kwamba kodi ni wazo langu. Nami naidai. Nilipozirudisha zile raba za 2011 sikuwa na kitu zaidi ya karatasi ya daftari iliyoandikwa "spea", na ukutani juu ya kichwa cha muuzaji pameandikwa kwa wino mwekundu: VIFAA VYA BREKI HAVIRUDISHWI. Alinipa pole na soda. Soda niliinywa, na chini ya chupa, nilivyo sasa, nilitafuta tarehe.

Juzi nimepita pale. Hozi tatu za 109 bado zipo barazani, ya katikati imeshapinda na kubaki imepinda. Kama ni wewe uliyepanga kwenda kuzinunua mwisho wa mwezi, vaa miwani, usome upande unaotazama ukuta, ambao jua halijafuta: 0814.