London hadi Paris: nilikwenda kwa ndege, nikarudi kwa treni

Mdogo wangu alijifungua mwezi uliopita huko Paris, nami kazini nilipewa siku tatu tu. Nikaangalia umbali: kilomita kama 340 kwa mstari ulionyooka, ndege saa moja na ushei. Nikaona hapo ni karibu, nikakata tiketi ya ndege. Za kurudi zilikuwa ghali, kwa hiyo nikarudi na treni ya Eurostar.

Kwanza, saa za kwenye tiketi zisikubabaishe. Yangu iliandikwa kuondoka 10:30, kufika 12:50. Ukihesabu harakaharaka utasema ni saa mbili na dakika 20, kumbe Paris iko mbele ya London kwa saa moja, kwa hiyo safari ni saa moja na dakika 20. Na humo mna muda wa ndege kutambaa kwenye lami ikingoja zamu ya kuruka. Nilitazama saa yangu: tangu magurudumu yaache ardhi mpaka yaguse tena, dakika 48. Chai niliyopewa sikuimaliza.

Kinachokula muda ni huku chini. Naishi Woolwich, mashariki ya London, na uwanja wa ndege wa Heathrow uko upande wa pili kabisa wa jiji. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Huko Paris, uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, nikapanga foleni ya pasipoti, nikangoja begi, nikapanda treni ya RER B kama nusu saa hadi stesheni ya Gare du Nord, kisha metro vituo viwili hadi Château Rouge. Nimepiga hodi saa nane na nusu za Paris. Toa ile saa moja ya tofauti: nimetumia saa saba na nusu, na angani dakika 48 tu. Mtoto keshaogeshwa, kalala, na mimi hamu yangu yote ilikuwa nimwogeshe mwenyewe siku ile ya kwanza.

Kurudi, niliondoka kwa mdogo wangu saa tano asubuhi. Gare du Nord unakaguliwa na maofisa wa Ufaransa na wa Uingereza palepale kabla ya kupanda, kwa hiyo ukishuka stesheni ya St Pancras, London, hakuna foleni ya pasipoti, unatoka moja kwa moja. (Sisi wenye pasipoti ya Tanzania viza ya Schengen ni lazima, hata ukiwa na kibali cha kuishi Uingereza.) Treni inakwenda hadi kilomita 300 kwa saa, na njiani ni saa mbili na robo hivi. Kwenye handaki la chini ya bahari, lile la kilomita 50 lililofunguliwa mwaka 1994, dirisha likawa jeusi kama dakika 20, halafu ghafla majani ya Kent, upande wa Uingereza. Mapajani nilikuwa na chupa kubwa ya achari ya ndimu aliyonifungia mdogo wangu, na hakuna aliyeniuliza mambo ya vimiminika na mililita 100 kama kwenye ndege.

Nyumbani niliingia saa tisa na robo alasiri. Ongeza ile saa moja ya tofauti: mlango kwa mlango, saa tano na robo.

Ukikaa karibu na Heathrow, au ukiunganisha kutoka ndege ya mbali, panda ndege. Kwa mkaazi wa mashariki ya London kama mimi, treni imeshinda. Tiketi ya treni ya kwenda kwenye arobaini ya mtoto nimeshakata, kwenda na kurudi.