Usiku wa vipaji Mji Mkongwe: tunzo yangu imeishia kwenye boksi la paa

Jumuiya yenyewe sitaitaja, wenyewe wanajijua na watu wa Mji Mkongwe mtawajua tu. Ni hao wanaohifadhi nyaraka na picha za kale, na nyumba yao ya mawe inavuja. Siku chache kabla ya Ramadhani wakaandaa usiku wa vipaji kuchangisha pesa za paa, nami nikanunua tiketi kwa moyo mkunjufu, nikamnunulia na wifi yangu. Hasira nilizorudi nazo hazijashuka, kwa hiyo nitasema, na atakayenuna anune.

Mengine niyapite upesi. Watoto wa madrasa walipiga dufu wakatuburudisha. Daktari mmoja mstaafu alipiga udi, ujasiri ulikuwa mwingi kuliko ufundi, Mungu ampe umri. Kidumbaki kiliwainua watu vitini. Spika zilikoroma, mshereheshaji aliipenda sauti yake, na urojo uliouzwa mlangoni ulikuwa mwepesi kama maji ya kunawia. Yote hayo ningeyasamehe, shughuli ya kujitolea ndivyo ilivyo.

Akapanda bibi mmoja, taarab ya kikale, fidla na ganuni nyuma yake. Naomba mkumbuke kwamba saa moja kabla yake mkubwa wa jumuiya alishika kipaza sauti akatusomesha taarab ilivyoingia Unguja: Sultani Barghash alivyompeleka Mohammed bin Ibrahim Misri akajifunze ganuni, Ikhwani Safaa ilivyoundwa 1905, na Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alivyosafiri hadi Bombay 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Hotuba nzuri, nikapiga makofi. Kumbe wanajua kila kitu cha taarab isipokuwa tunzo, ile noti unayompelekea mwimbaji mkononi ubeti ukikugusa, na anayesemwa aone!

Bibi akafika kwenye ubeti wa mtu anayekopa kisha akasahau mlango aliobisha. Sasa, safu ya pili alikaa mtu. Sitamtaja. Kanikopa, na siku hizi nyumba yangu anaipita upande wa pili wa njia. Ubeti ule ulikuwa wangu, jamani! Wifi akanisukuma kiuno, nikainuka na noti ya elfu kumi, nikaenda taratibu, mkono juu, nikipita makusudi mbele ya safu ya pili. Wanawake wakanipigia vigelegele. Wanaojua wakajua.

Nusu ya njia akanikinga kijana mwenye kitambulisho shingoni, mkononi kashika boksi la kioo.

"Shangazi, michango huku."

"Mwanangu, huu si mchango. Namtunza bibi."

"Pesa zote za leo za paa."

Akaichomoa noti mkononi mwangu akaitumbukiza. Ubeti ukaisha mie nimesimama katikati ya ukumbi na mkono mtupu, na yule wa safu ya pili anacheka na shoga yake. Elfu kumi yangu hainiumi. Kinachoniuma ni kwamba ubeti ulinipita, na ubeti ukishapita huwezi kumwambia mwimbaji arudi nyuma eti ulikuwa hujafika.

Lakini subirini. Mzee mmoja alikwisha mfikia bibi kabla ya kijana, akamtia noti kiganjani. Kijana akapanda hadi jukwaani. Akasimama ubavuni mwake, kiganja wazi, anangoja. Bibi anaimba. Nilikuwa karibu, nikaona vidole vyake vimeifumbata ile noti, pembe moja imechomoza kati ya kidole cha shahada na cha kati, na hina mpya kwenye kucha. Akaimba kiitikio chote hivyo hivyo. Halafu akafumbua vidole, bila ya kumtazama, na sauti haikutetereka hata kidogo. Kijana akashuka na boksi lake. Hakuna aliyeinuka kutunza tena usiku ule.

Nikenda mezani kwa bibie wa tiketi. Akanambia fedha yoyote inayotolewa ukumbini ni mali ya jumuiya. Nikamuuliza imeandikwa wapi, nikaigeuza tiketi mbele yake. Nyuma imeandikwa chakula hakimo kwenye bei. Akasema wasanii wote wamekubali kujitolea. Sawa, kakubali kuimba bure, hilo kati yake na nyinyi. Tunzo ni kati yangu na yeye! Nimelipa tiketi ya paa, nimelipa urojo wa paa, na paa lenyewe ningelichangia kabla ya kutoka, kama wangeniacha nifike mbele na kurudi. Akanijibu, "Mama, tuna watu nyuma yako." Nyuma yangu alikuwa wifi yangu.

Hapo nilikuwa nimeshaamua: nyota moja, na hiyo moja ya bibi.

Tatizo ni kwamba wakati wa mapumziko walitupandisha ghorofani kuonyesha uharibifu, na siwezi kusema uongo. Fundi aliyetutembeza alikuwa mtu wa maana. Alituonyesha ukuta wa matumbawe uliojengwa kwa chokaa, ambao unapumua, halafu mahali mtu alipopiga plasta ya saruji miaka ya nyuma. Saruji imeufungia unyevu ndani, na boriti za mkoko zimeoza pale pale zinapoingia ukutani, huku katikati zinaonekana nzima. Akabonyeza ncha ya boriti moja kwa dole gumba, likazama. Akatueleza pia kwamba urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Miaka yote hii nalala kwenye chumba cha namna hiyo Kiponda nalaumu ubahili wa aliyejenga. Na tangu sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib iporomoke Desemba 2020 ikaua watu, ukinambia pesa zinahitajika kwa dari bovu sitabishana nawe. Kwa hiyo nyota tatu. Nilitia na kitu kidogo kwenye boksi wakati wa kushuka, kwa hiari yangu.

Halafu mwishoni mshereheshaji akatangaza jumla, akawashukuru "wote waliochangia kwa furaha wakati wa taarab". Kwa furaha! Mbili. Nimerudisha mbili.

Bibi nilimkuta nje kwenye baraza anangoja bodaboda, nikamfungia elfu kumi nyingine kwenye pindo la kanga. Akanibusu mkono akaniuliza, "Yule uliyemwendea alikuwepo?" Nikamwambia alikuwepo, safu ya pili. Akasema alimwona akinyanyuka kwenye kiti kabla ya kiitikio, halafu akakaa tena.

Mtakaokwenda mwakani, tunzo mpelekeeni mwimbaji nje, na mkitaka kumfikishia mtu ujumbe, kaeni viti vya mbele kabisa ili kijana asiwahi. Nanyi jumuiya, zile noti za bibi zihesabuni mumpelekee kwake. Wifi ananiuliza kama nitakwenda tena. Sijamjibu, nangoja kwanza kusikia nani anaimba.